Karatasi ya Amri Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeipiga plastiki karatasi ya tatu. Amri kumi na mbili, upande mmoja: washa, shusha, kina, rudi. Nimezifupisha mwenyewe kwa Kiswahili, Bi Riziki asihangaike na mistari mirefu ya Kiingereza kwenye kompyuta. Alikuwa mkulima wa mwani kisiwani Chole, sasa ndiye anayeendesha roboti ya chini ya maji ya mradi wetu. Karatasi nzuri. Najisifu, nani mwingine atanisifu?

Jumanne, 7 Oktoba
Roboti imepotea. Bi Riziki aliituma ipite chini ya kamba za mwani, ichore ramani ya sakafu ya ghuba. Haikuibuka. Mimi nilikuwa mjini Kilindoni kufuata betri. Nimerudi nikamkuta ameketi botini, karatasi mkononi.

Jumatano, 8 Oktoba
Wazamiaji wamepekua sakafu yote. Hakuna kitu. Mkuu wa mradi ameamua: Ijumaa Bi Riziki akabidhi vifaa, arudi kwenye mwani wake. Mkataba wangu nao unaisha mwezi huu.
Nilimwambia Bi Riziki ameandika kitu kisichokuwemo kwenye karatasi. Mbele ya watu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimefungua kumbukumbu za kompyuta. Amri zake zote ni zile za karatasi. Washa. Shusha. Kina 6.
Nimevuka hadi Chole. Nimempa shikamoo, marahaba ikaja kwa shida. Nikamuuliza hiyo sita kaitoa wapi.
"Kamba zetu zinashuka pima nne. Nikaipa sita ipite chini yake."
Pima. Mikono miwili iliyonyooshwa. Roboti inahesabu mita, na mita sita hazitimii hata pima nne. Imejipeleka katikati ya mwani. Karatasi yangu inasema: kina, kisha namba. Namba ya nini, sikuandika. Ndiyo maana wazamiaji hawakuiona, walitafuta chini.
Nikisema, mkataba hauongezwi. Nikinyamaza, anaondoka yeye. Naogopa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimesema. Kikaoni, mbele ya watu walewale. Kosa ni la karatasi yangu, si lake. Nikawaelekeza wazamiaji kwenye kamba.
Roboti imetolewa kabla ya sala ya Ijumaa, imeviringishwa mwani, nzima. Bi Riziki anabaki. Kuhusu mimi mkuu amesema tutaona.

Jumapili, 12 Oktoba
Karatasi ya nne. Nimemwomba radhi Bi Riziki, kisha nimemwomba anyooshe mikono. Nimempima kwa utepe wa fundi cherehani. Mita moja na sentimita sitini na mbili. Nimeandika pembeni ya kina: pima moja ya Bi Riziki, na hesabu yake kwa mita.
Akataka nami ninyooshe mikono, nipimwe. Nikamwambia ya nini, mwezi ujao huenda sipo.
"Iandike tu, mwanangu."
Nimeiandika pima yangu chini ya yake.