Klabu Imempa Mzee Masikio

Jumanne, 4 Machi

Mwenyekiti karudi na fulana. Tena! Safari hii za kijani, kifuani zimeandikwa TUSIKILIZANE. Mwenyekiti ni mume wangu, ila tangu wamchague huko klabuni hata mswaki anapiga kimwenyekiti, basi na mimi namwita hivyo hivyo. Anafurahi! Hajajua kuwa ni tusi.

Klabu ya huduma kwa jamii. Huduma! Watu wazima na vitambi vyao wanakutana hotelini kula mchana, wanapigiana makofi, wanarudi makazini wamechelewa. Mwaka juzi klabu rafiki ya ng'ambo iliwaletea magongo ya wagonjwa, kontena zima — yote ya watu warefu kama milingoti. Mwaka jana wakajenga vyoo vya zahanati. Kibao cha majina yao ni kikubwa kuliko mlango, na maji mpaka leo hayajafika.

Sasa ni masikio. Wageni wa ng'ambo wanakuja na vifaa vya kusikia, wawavishe viziwi. Na kiziwi wa kwanza, yule wa kupigwa picha na kufanyiwa filamu, ni nani? Mzee. Baba mkwe wangu.

"Italeta mguso," anasema Mwenyekiti. Baba yake mzazi — mguso!

Alhamisi, 6 Machi

Saluni ilijaa tangu asubuhi. Kila mmoja ana sherehe yake, kila mmoja anataka kutoka wa kwanza.

Mzee kwenye kiti chake pembeni, kama kawaida. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hii, na tangu alipofiwa na mama mkwe akaja kuishi kwetu, masikio yameshakufa, hapo ndipo mahali pake. Mwanzoni wateja walimwonea haya. Sasa wanamruka miguu kama wanavyoruka waya wa draya. Mbele yake yanasemwa yote. Leo Mwalimu, yule wa shule ya msingi, mteja wangu wa siku nyingi, kaeleza ya mumewe na mpangaji wao mpaka tukashika mbavu. Mzee katulia tu, macho mbele. Afanye nini? Kiziwi kama jiwe.

Mchana wifi akapiga simu. Dada wa Mwenyekiti, ana nyumba kubwa na hana subira. Nikaongea naye huku nasuka. Nikamwambia wazi: uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, wakishapiga picha zao njoo na gari umchukue baba yako, zamu yangu nimemaliza. Nimechoka kurudia neno moja kwa ishara za mikono, nimechoka na kikohozi chake. Ni kama kabati lililowekwa sebuleni kwa sababu hakuna aliyetaka kulibeba. Wifi akacheka. Na Mwalimu akacheka, kichwa mikononi mwangu.

Mwenyekiti bado hajaambiwa. Atahutubia kwanza, ndiyo ajue.

Jumapili, 9 Machi

Wageni wamefika. Nimewapikia, nimetabasamu, mashavu yananiuma. Mmoja ni mkuu wa klabu ya huko kwao, bwana mrefu asiyevua kofia hata mezani. Kila kitu kwake ni kizuri sana. Kuku mzuri sana. Paka mzuri sana. Mwingine ni mama mfupi, mtaalamu wa masikio, mchovu, hana maneno mengi. Huyo nilianza kumpenda nikajizuia.

Akauliza, kupitia kwa mkalimani: hivi vifaa vinatumia betri ndogo, zinakwisha upesi, nasi tumeleta za kuanzia tu. Baada ya hapo mnazipata wapi?

Vijiko vikasikika kwenye sahani. Kisha Mwenyekiti: "Tutaunda kamati."

Bwana Kofia akasema kamati ni kitu kizuri sana.

Jumatano, 12 Machi

Nimechoma mteja shingo kwa pasi ya nywele, nikamsingizia kuwa katikisika.

Jana tulimpeleka Mzee zahanati kupimwa. Mwenyekiti na kamera yake, mimi kwa sababu mke wa Mwenyekiti lazima aonekane. Kipimo kilikuwa rahisi. Muuguzi anakaa mbele ya Mzee, anataja neno, Mzee analirudia. Kikombe — kikombe. Barabara — barabara. Mlango, sabuni, harusi. Yote kapata! Muuguzi akamgeukia yule mama mtaalamu: huyu mbona anasikia?

Mtaalamu akatikisa kichwa. Akachukua faili, akamkingia muuguzi mdomo. Sema tena.

Kikombe. Mzee kimya. Barabara. Kimya. Anatabasamu tu kama mtu aliyekosea chumba.

Faili likashushwa. Muuguzi akanong'ona, bila sauti kabisa, midomo tu: baba, umekula nini asubuhi?

"Uji," akasema Mzee. "Haukuwa na sukari."

Watu wakacheka. Mkalimani akaeleza: mtaalamu anasema huyu mzee anasoma midomo, tena vizuri mno, amewahi kuona wachache kama yeye. Mwenyekiti karuka. Kipaji! Baba ana kipaji! Kaandika palepale kwenye simu, kwa ajili ya hotuba.

Mimi nilikuwa naiona saluni. Kile kiti cha pembeni. Wateja wamekaa mbele ya kioo, nami nimesimama nyuma yao, sote tumekikabili kioo, na kioo kinamtazama yeye. Macho mbele, niliandika Alhamisi! Macho mbele!

Hata simu niliongelea hapo hapo. Kabati.

Alhamisi, 13 Machi

Jana kavishwa. Vidude viwili rangi ya ngozi, nyuma ya masikio. Mwenyekiti alilia mbele ya kamera, halafu akauliza kama machozi yameonekana au arudie.

Mzee hakulia. Alisikiliza feni. Alisikiliza karatasi ikikunjwa. Akaomba ikunjwe tena.

Leo kaingia saluni amevaa. Nikawaambia wateja mapema — ningefanyaje? Waliingia kama wanaingia msibani. Habari za hali ya hewa, bei ya vitunguu. Mwalimu alikuja, akaona vile vidude, akanivuta mpaka uani.

"Tangu lini anasikia?"

"Tangu jana."

"Afadhali!"

"Lakini midomo anasoma tangu zamani."

Loo! Mwalimu kashika ukuta. "Niliposema ya mpangaji, alikuwa anaangalia wapi?" akauliza. Kioo, nikamwambia. Akaondoka nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimefumuliwa, kitambaa juu. Mwanamke anayeifokea shule nzima! Nilitaka kumcheka na kicheko hakikuja.

Wengine wakamfuata, tukabaki wawili, Mzee na mimi, na draya imezimwa. Nikafagia nywele ambazo hazipo. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama angependa chai.

Akageuka kutoka kwenye kioo.

"Kumbe una sauti nzuri hivyo," akasema. "Kwenye kioo nilidhani ni sauti kali."

Nikaenda kuleta chai. Niliimwaga nusu.

Ijumaa, 14 Machi

Mwenyekiti anafanya mazoezi ya hotuba sebuleni tangu alfajiri. "Baba yangu alikuwa gizani." Gizani! Kiziwi, si kipofu, wee mtu. Nikamwambia. Akasema wageni hawatatofautisha.

Nilimpigia wifi nimwambie asije kwanza. Nilikwenda uani, nikageukia ukuta — mimi, nyumbani kwangu! Hataki kusikia. Kashaandaa chumba, kashamwambia kila mtu kuwa yeye ndiye mtoto anayejali. Sasa anataka sifa. Watoto wa Mzee ni wale wale, tofauti ni gauni. Na mimi? Hebu niache.

Mchana nilipeleka nguo zake chumbani. Begi liko kitandani, wazi. Kakunja kila kitu vizuri, hata yale mashati niliyosema ni ya kupigia deki. Vidude amevivua, viko ndani ya kasha lake.

Nikamwonyesha sikio: mbona?

"Betri," akasema. "Nazitunza kwa hotuba yenu. Zikiisha kesho mbele ya watu mtaaibika."

Sikujua kama ni mzaha. Nilimtazama usoni nione. Miaka yote hii amekaa nyumbani mwangu, na sijui uso wake ukifanya mzaha unakuwaje.

"Dada yenu anakuja saa ngapi?" akauliza.

Nikasema sijui. Uongo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja soksi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji.

Wageni wamekuja na wapiga picha kabla ya kwenda ukumbini. Eti wanataka "maisha ya nyumbani": Mzee anywe chai, Mzee asikie ndege, mkwe amwite kutoka mbali naye ageuke atabasamu. Mkwe ni mimi. Wamenivalisha fulana ya kijani. TUSIKILIZANE, juu ya matiti yangu! Bwana Kofia kasema nimependeza sana.

Na wifi kafika. Anapiga honi nje kama anaita mbuzi. Mwenyekiti akatoka kumwuliza kulikoni, akaambiwa, akarudi mishipa ya shingo imemtoka. Nilijua atauliza, "Kwa nini hukuniambia?" au "Baba anaenda wapi?" Hapana. Kauliza, "Hawezi kungoja mpaka baada ya picha?"

Huyo ndiye nimeolewa naye.

Akanituma nikamtoe Mzee chumbani. Nikaingia. Amekaa kitandani, shati jeupe, viatu vimefungwa, begi miguuni. Masikio matupu. Kasha amelishika mkononi.

Nikamwambia, taratibu, midomo ionekane vizuri: wageni wanakusubiri.

"Wageni wamekuja kwa ajili ya klabu," akasema. "Na yule wa nje kaja kwa sababu umemwita. Mimi nakuuliza wewe, mwanangu. Niende, au nibaki?"

Nikafungua mdomo. Kila kitu nilichozoea kusema kuhusu yeye kilikuwa pale pale, nimekisema mara nyingi mno, kinatoka chenyewe. Na yeye macho yake yako mdomoni kwangu, anangoja, hana haraka, kama mtu anayesubiri mchapo ujulikane mwisho wake. Nikafunga mdomo. Nikasema nimeacha kitu jikoni. Hakuna kitu jikoni. Jiko halijawashwa.

Nimejaribu hapa peke yangu. Baki — rahisi, neno fupi. Lakini nikibakisha, nabakisha nini? Kikohozi, ishara za mikono, saluni isiyo na mteja. Na betri zikiisha hakuna kamati itakayoleta nyingine, tutarudi kwenye midomo, na midomo yangu anaijua kuliko mtu yeyote. Nenda — nalo ni fupi. Nilikuwa nalisema huku nasuka.

Sauti ningeweza kuilainisha. Wateja wote nawalainishia. Yeye sauti hana nayo kazi leo.

Mwenyekiti anaita, mwanga unapotea. Honi. Bwana Kofia anacheka na mtu huko sebuleni, kitu fulani ni kizuri sana.

Mlango wa chumbani umefunguka. Nyayo za Mzee — ule mguu anaoburuta kidogo. Hajaelekea sebuleni. Anakuja huku.