Vyungu vya Mayu Ngolo

Alhamisi

Rafu za maonyesho ni tupu! Mwezi mzima nimepigania Mayu Ngolo ('mayu' kwao ni mama), mfinyanzi kutoka Nkoma, aongezewe muhula wa pili kama msanii mkazi wa chuo chetu cha wananchi. Leo Mkuu wa Chuo amekuja kukagua kazi zake, kumbe mama kavipeleka vyungu vyote jikoni.

"Mayu, vile ni vya maonyesho!" nilimnong'oneza kwa hasira.

"Chungu hakijapikiwa, utajuaje hakivuji? Niwaonyeshe watu kitu ambacho sijakijaribu? Punguza kelele, mwanangu. Kaa ule."

Nikamgeukia Mkuu, aliyekwisha kupakuliwa chakula kutoka chungu kimojawapo. "Mfinyanzi wa kijijini naye ni msanii, na chuo kisichomheshimu..."

Akaniinulia mkono, mdomo umejaa maharage. Kisha akaniuliza mimi, mtetezi mkuu, udongo ule unachimbwa wapi na vyungu vinachomwaje. Nikamtazama Mayu. Mayu alijibu yote, taratibu, bila kunicheka.

Barua ya muhula wa pili imetiwa saini, na hotuba yangu haikuchangia hata neno. Nampenda mama huyu, lakini sijawahi kuushika udongo wake. Kesho nitaingia darasani kwake, nikae chini na wanafunzi wake, ninyamaze.