Bonane Hii Nilicheza Upande wa Makapera

Mama Furaha,

Nakuandikia nikiwa nimenyoosha mguu juu ya meza ndogo, maana goti la kulia limekataa kukunjika. Najua ungecheka. Siku ya bonane, mwaka mpya ulipoingia, nilicheza mpira kama kila mwaka, ila safari hii sikucheza na waliooa. Nilicheza na makapera.

Hapa mtaani Keshero mambo si mabaya. Mtoto wetu Furaha anafundisha darasa la tatu, na kila Jumapili baada ya misa anakuja kukagua sufuria zangu. Bugali yangu haina tena madonge. Sombe, yale majani ya muhogo, bado inanishinda. Dada zako wamekwisha kunitajia wajane wawili wa Masisi, nami nikajifanya kiziwi.

Mechi yetu unaijua kuliko mimi, wewe uliyesimama pembeni miaka ishirini na sita ukinishikia shati na kunitukana kwa upendo. "Papa Furaha, tumbo yako inafika mbele ya mupira!" Timu ya taifa ikicheza, mtaa mzima tunapiga kelele pamoja, na ni vizuri. Lakini kwangu mimi mpira wa nchi hii uko pale kwenye kiwanja chetu cha mawe meusi, kinachotuchuna magoti sote bila upendeleo. Siku nyingine watu wanaulizana kabila, kijiji, umetoka upande gani. Siku ya bonane swali ni moja tu: umeoa au hujaoa? Mshi, Mnande, Mhunde, msemaji wa Kinyarwanda, aliyekimbia vita na aliyezaliwa hapa, wote wanagawanyika kwa swali hilo, na baadaye wanakula pamoja.

Mwaka huu swali likanigeukia mimi.

Papa Anselme, yule fundi cherehani, ndiye kapiteni wa waliooa. Alikuwa anasoma majina. Alipofika kwangu akasita, na vijana wakapata nafasi: "Papa Furaha, kuya huku kwetu! Sasa uko selibateri!" Watu wakacheka, kisha wakaona haya. Anselme akafoka: "Ndoa ya huyu mutu haikuvunjikaka!" Ndipo Heri, kijana anayetengeneza pikipiki pale kona, akasema bila ubaya wowote: "Lakini padri anasemaka mpaka kifo."

Nikabaki nimesimama kwenye mstari wa katikati, pete kidoleni. Mama Furaha, niliogopa. Nikienda kwa waliooa, nitakuwa nawadanganya watu, na wewe pia. Nikivuka, nitakuwa nimekiri mbele ya mtaa mzima kwamba haupo. Miezi tisa tangu tukuzike, nilikuwa sijakiri. Usiku nalala upande wangu wa kitanda, wako nakuachia.

Nikavuka. Miguu ilitangulia, akili ikaja baadaye.

Tulishinda tatu kwa mbili. Hayo mawili tuliyofungwa ni makosa yangu, sikatai. Anselme alinipiga chenga nikaanguka, naye akaniomba radhi huku anakimbia na mpira! Vijana walinisamehe yote.

Unajua desturi: washindi wanakula kwanza, chakula kilichopikwa na wake za waliooa. Nikakaa juu ya mawe katikati ya watoto wa miaka ishirini, sambaza, vile vidagaa vya kukaanga, mkononi. Tangu msiba, rafiki zangu hawakutaji mbele yangu. Ni heshima, naelewa. Nikiingia wanabadilisha maneno, wanaanza bei ya makala ya kupikia. Vijana hawana adabu hiyo, Mungu awabariki. Heri anampenda msichana mmoja wa Mugunga na hajui aanzie wapi. Akanigeukia, mdomo umejaa: "Papa, weye mama ulimupataka namna gani?"

Niliwaambia ulivyonikataa mara mbili, na mara ya tatu ukasema utafikiri, ukafikiri mwaka mzima. Niliwaambia ulivyoimba vibaya kwenye kwaya na hakuna aliyethubutu kukuambia, hata padri. Wakacheka mpaka soda ikamwagika. Nami nikacheka, Mama Furaha, kwa sauti. Wanawake wakasogea, kila mmoja na lake. Anselme naye akaacha kununa, akasimulia siku ulipomrudishia suruali yangu mara nne kwa sababu ya pindo. Alasiri nzima ulikuwa mdomoni mwetu.

Nilirudi nyumbani nimeshiba na nimefurahi. Sioni aibu kukwambia.

Basi pumzika, mke wangu, na Mungu akulaze pema. Mwaka ujao nitasimama tena na makapera, kama magoti yataniruhusu. Na nakuahidi hili: mtu akiniuliza habari zako, sitatazama tena chini. Nitasema umekufa. Kisha nitamwambia ulivyokuwa.

Ni mimi,
Papa Furaha