Macho Mekundu ya Mama Shija

Jumanne jioni.

Kabula mjukuu wangu, wewe uliyenifundisha herufi, miezi minne hujakanyaga hapa. Miguu imekatika?

Leo mchana vijana walimvamia jirani yetu Mama Shija kwa mapanga. "Macho mekundu hayo, mchawi huyo." Wakamkata bega. Nikampasua mmoja kichwa kwa mchi, wakakimbia.

Miaka yote nilibisha kwamba wekundu huo ni wa moshi wa mavi ya ng'ombe anayopikia jikoni. Nesi wa zahanati alipomaliza kumshona akamfunua jicho: kope zimeota kuelekea ndani, zinakwaruza. Kumbe nami nilikosea, ila nilikuwa karibu kuliko wao. Mimi nilitafuta kinachochoma jicho, wao walitafuta wa kuua.

Ukija, leta kibano cha kung'olea kope, unichungulie macho mchana kweupe. Yangu yameanza kuwa mekundu, nami naogopa.