Tanuri la Marehemu Sonara

Jumatano, Mfungo Tatu. Mawingu toka alfajiri, lakini mvua imegoma kunyesha. Mgongo unaniuma na vidole vinanuka kutu.

Tanuri limefika. Naliandika hili kwanza kwa sababu saa nne asubuhi nilikuwa nimeshalikosa.

Lilikuwa Ilala, uani kwa Mama Kishori, mjane wa sonara wa Kihindi aliyefariki mwaka jana. Mumewe alikuwa akitia rangi kwenye vito vya dhahabu, na rangi ile ni kioo kilichosagwa, kinayeyushwa juu ya dhahabu mpaka kishike. Kwa hiyo tanuri lilijengwa kwa kazi ya kioo hasa: matofali ya kuhimili moto, bati kwa nje, mikanda ya chuma, na ndani chumba kidogo cha udongo ambacho mkaa haukigusi. Mjane anahamia Tanga kwa binti yake. Hawezi kwenda nalo.

Mie huu mwaka wa sita natengeneza shanga kwa vigae vya chupa. Kioo nakiyeyusha kwenye jiko la mkaa lenye mivuo ya kupulizia moto, nakizungushia kwenye waya, kisha shanga nazifukia kwenye majivu ya moto zipoe. Shida ni majivu. Yanapoa upesi kuliko kioo kinavyotaka, na ushanga uliopoa upesi huonekana mzima wiki nzima, kisha ukapasuka wenyewe. Kwenye tanuri kama lile unaziba matundu ya hewa kwa udongo, unaondoka, na shanga zinapoa pole pole mpaka kesho yake.

Nilikwenda na mume wangu, Athumani. Yeye karani bandarini, na kwa kupatana bei simfikii. Akafanya kama afanyavyo sokoni. Akaligonga tanuri kwa vidole, akatikisa kichwa, akasema bati limeliwa, matofali yamechoka, hata mikate halitaoka, na kwamba sisi tunamsaidia tu mama kulitoa uani. Mama Kishori alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema limeshapata mtu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Limeshapata mtu! Jana tu alikuwa ameniambia hakuna aliyelitaka.

Athumani hakuwa na ubaya. Hakujua kwamba matofali yale marehemu aliyapanga kwa mikono yake mwenyewe. Mie nilijua, mama alikuwa amenieleza, na nilisimama pale kimya nikingoja bei ishuke.

Tulipofika njia panda nilimwambia atangulie kazini. Nikageuka, nikarudi kwa Mama Kishori.

Nilipiga hodi mara tatu ndipo akafungua. Nikamwambia sikuja kununua, nimekuja kuomba radhi. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli, maana tanuri bado nalitaka, na nadhani alikwishaliona hilo usoni mwangu. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Aliniuliza jambo moja tu.

"Shanga zako unavaa mwenyewe, au wanavaa watu?"

Nikasema wanavaa watu. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwishaanza kusema kweli, nikamweleza habari ya Zuhura, ambayo sikuwahi kumweleza mtu, hata Athumani.

Zuhura ni jirani yetu hapa Mtoni. Alipoolewa nilimtengenezea shanga za kiunoni, nyuzi tano za kijani. Siku ya tatu ya harusi ushanga mmoja ukapasuka akiwa amelala, ukamchana juu ya nyonga. Kidonda kikatunga usaha, akalazwa hospitali wiki mbili. Mama mkwe wake alikuja kuniuliza. Nilimjibu kwamba shanga zangu hazina neno, labda bibi harusi alizilalia vibaya. Yule mama akaondoka na jibu hilo. Tangu siku hiyo Zuhura anaambiwa ni mzembe, hajui kutunza kitu, hata mwili wake. Nasikia kwa masikio yangu, ukuta wetu ni mmoja.

Mie nilijua kosa ni la kioo. Kile kigae kilichobaki nilipokishika niliona kimekatika kama wembe, na ufa umeanzia ndani.

Nilipomaliza nilidhani Mama Kishori ataudhika upya. Akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi sikukatwa."

Akanipeleka uani. Akanionyesha kila tundu na namna marehemu alivyoliziba. Akafungua mlango wa tanuri, akapitisha kidole kwenye ufa mwembamba karibu na bawaba.

"Mumeo kagonga kote," akasema, "na huu hakuuona."

Ufa ule unahitaji udongo kila baada ya moto mara tatu au nne. Bei haikushuka. Sikuiomba ishuke.

Mahamali wawili walilipakia kwenye mkokoteni, tukafuata njia ya Kilwa. Walilalamika mwendo mzima kwamba nimenunua kaburi. Tulipofika kwa Zuhura niliwaomba wapumzike kivulini. Nilitaka nilimalize jambo lile kabla sijafika nyumbani, maana nikifika nyumbani najijua, ningepika, ningefagia, ningeahirisha.

Zuhura alikuwa barazani anachagua mchele. Nilikaa chini mbele yake, nikamwambia zile shanga nilizipoza vibaya, hakuna aliyezilalia vibaya, na mama mkwe wake nilimdanganya.

Mikono yake haikuacha kuchagua.

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akachagua chuya mbili tatu zaidi. Kisha akainua sauti kidogo kuelekea ndani, kwa adabu, kama anayeomba maji: "Mama, njoo usikie."

Mama mkwe akatoka akijifunga khanga. Nikamwamkia, na ikanibidi niseme yote tena toka mwanzo. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Nilipomaliza alimtazama mkwewe, akauchukua ungo mapajani kwa Zuhura, akakaa, akaanza kuchagua mchele yeye mwenyewe. Zuhura alibaki mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Kusamehewa sikuambiwa. Niliaga, nikaondoka na mkokoteni wangu.

Athumani alirudi baada ya alasiri. Alilizunguka tanuri mara moja, akaniuliza nalitaka upande gani wa banda. Nikamweleza nilikopita leo na niliyosema. Akasema kesho atapitia Ilala kwa yule mama, akamwombe radhi kwa kinywa chake.

Nimewasha mkaa kidogo tu, wa kutoa unyevu. Bati linavuja moshi mahali pawili, lakini chumba cha ndani kimekauka vizuri. Ufa nimeuziba.

Kesho nitaweka shanga kumi, basi. Nitaziba matundu, wala sitafungua mpaka keshokutwa. Zikipasuka safari hii, hakuna wa kumsingizia ila mkono wangu.