Mwalimu, Ukurasa wa Tisa Una Kosa

Biryogo, Kigali, 1993

Mwalimu wangu,

Miezi saba imepita tangu tukuzike, na sikukuandikia kwa sababu nilijua itanibidi niseme ukweli. Ukurasa wa tisa una kosa.

Siku uliponiletea karatasi zile za hesabu yako nilikuwa dukani kwa baba, nashona vifungo vya kanzu. Ulikuwa umeutafuta ukomo ule miaka mitatu: operesheni yako ya integrali, ile kanuni inayogeuza wimbi moja kuwa jingine, ikipewa wimbi, italikuza mara ngapi, kwa wingi kabisa? Ulikuwa umeikata vipande vipande, kila kimoja hakikuzi chochote, ukasema hata vikiunganishwa elfu, ukuaji hautapita namba fulani isiyobadilika.

"Binti yangu, nikagulie ukurasa wa tisa. Macho yangu yamechoka."

Macho yako yalikuwa ya manjano. Sikuuliza. Siku ya tatu nikakurudishia karatasi, nikasema, "Iko sawa, Mwalimu."

Sikuwa nimekagua. Nilisoma mistari minne, nikauona mwandiko wako, nikaamini. Ukazituma kwa jarida la hesabu huko Ulaya kwa furaha, na ugonjwa wa ini ukakuchukua kabla jibu halijafika.

Jibu lilikuja baada ya arobaini yako. Mama, mkeo, aliniletea bahasha nimsomee Kifaransa chake. Wamekubali kuchapisha. Alilia, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akaniomba ninakili kila kitu vizuri kutoka rasimu uliyoiacha, maana walitaka nakala safi.

Nilipokuwa nanakili ndipo nikaona. Ulihitaji kuonyesha kwamba vipande havigusani pande zote mbili, vinapopokea wimbi na vinapolitoa. Ulionyesha upande wa kupokea tu. Vinapotoa vinaweza kurundikana, na ukuaji ukapanda kadiri vipande vinavyoongezeka. Nilijaribu wiki nzima kukuokoa, Mwalimu. Nilijaribu hadi nikaacha kula.

Nikaenda kumwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Wao wenyewe wamesoma, wakakubali. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemwambia iko sawa, Mama."

Akaisukuma sinia ya mchele kando. Kisha akasema, "Jina lake ndilo lililobaki humu ndani. Na hilo unalitoa?"

Nilitoka, na kesho yake nikawaandikia wasichapishe. Nimewaeleza kwamba kosa lilipita mikononi mwangu. Nimeambatanisha kinachosimama: ukuaji haupiti kipeuo cha pili cha idadi ya vipande. Si ulichokitaka, lakini hatua zote ni zako na nimezipitia moja moja. Bado hawajanijibu.

Mama hanisalimu. Mjini watu wanasemeshana kwa tahadhari siku hizi, redio inaongea habari za vita, na mimi sina mtu wa kumuuliza hesabu kwa Kiswahili. Wakati mwingine naanza kutoka nije kwako, nafika kwenye kona, nakumbuka.

Nisamehe. Si kwa kuliona kosa, bali kwa kutolitafuta ulipokuwa hai. Ungekasirika siku moja, halafu ungekaa chini ukalirekebisha.

Upande wa kutoa nitaendelea nao. Na Ijumaa nitabisha hodi kwa Mama tena, na Ijumaa itakayofuata, nimchotee maji, nimfulie. Asipofungua, nitakaa mlangoni.

Mungu akupumzishe, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Zaituni