Makopo ya Harusi Yetu na Waranti ya Bwana Pruett

Nyumba 418, Mtaa wa Walnut,
Chillicothe, Missouri.
Tarehe 12 Oktoba, 2016.

Mpendwa Shangazi Verna,

Na hapana, hatukuvuta tela, wala mashua, wala farasi wa mtu. Uliponiuliza jana kwenye simu nilicheka mpaka chaji ikaisha, ndiyo maana ulisikia nimepotea ghafla. Sikukukatia, Shangazi wangu.

Lakini tazama nilivyoanza, kama mtu ambaye hukumlea wewe. Hujambo? Nyonga inakuuma kiasi gani na baridi hii? Na Mjomba Orrin, bado anakupikia yale mayai yake ya kuungua na kukusimamia mpaka uyamalize? Sisi ni wazima, tena wazima wa kupita kiasi. Kila asubuhi Wendell ananiwekea kahawa karibu na dirisha, mpini wa kikombe umegeukia kushoto, kwa sababu aligundua kwamba natumia mkono wa kushoto. Hakuniuliza, aliona tu. Hakuna aliyeniambia kwamba ndoa ina mambo matamu madogo kama haya. Ningejua, ningeolewa mapema.

Sasa nikueleze habari ya gari vizuri, maana najua Baba alikusimulia nusu nusu.

Unakumbuka siku ile tuliyokuwa tunakuja kwako, kesho yake ya harusi. Gauni lilikuwa kwenye sanduku lake, kiti cha nyuma. Ulilishona na nyonga yako hiyo mbovu, ukalituma kwa posta, na mpaka leo hujaliona mwilini mwangu. Hatukuwa tumetoka hata Missouri, giaboksi ikafa. Injini inanguruma, gari halisogei. Nililia pale kando ya barabara. Sikuwa nalilia gari, nililia ile keki uliyokuwa umekwisha kuiweka mezani.

Wendell akanifuta machozi kwa mkono wa shati lake la harusi, akasema, "Usilie, mpenzi. Tuna waranti." Alisema kama mtu anayesema tuna Mungu.

Waranti yenyewe, ile ahadi ya kulipiwa matengenezo gari likiharibika, ni ya nyongeza, inayoanza ya kiwandani inapokwisha. Bwana Pruett alituuzia pamoja na gari, pale kwenye yadi yake. Aligonga boneti akasema, "Wanangu, toka bampa la mbele hadi bampa la nyuma, nyinyi laleni usingizi." Tukalala kweli, kama wajinga.

Kampuni ya waranti ikamtuma mkaguzi gereji. Huyo bwana alijilaza chini ya gari kwa muda ambao mtu hawezi hata kufunga kamba za viatu, akainuka anatabasamu. Kwenye ndoana ya kukokotea tela, nyuma chini ya bampa, alikuta kipande cha kamba na kopo la mapichi lililobondeka. Unajua lilikotoka. Dwayne, shemeji yangu, alitufungia makopo matupu nyuma ya gari mlangoni pa kanisa, yapige kelele njiani, kama wanavyofungiwa maharusi wote wa huku. Tulipofika kwenye kituo cha petroli tuliyakata tukayatia kwenye buti, maana sikuweza kutupa kitu cha harusi yangu, lakini hilo moja lilibaki limejificha kule chini.

Jibu likaja: madai yamekataliwa, gari lilitumika kuvuta mzigo kinyume cha masharti. Mzigo! Kopo la mapichi, Shangazi, tena tupu!

Nikadhani wamekosea tu, ni binadamu. Nikawatumia picha nzuri kabisa, mimi na Wendell tumesimama kando ya gari, povu la kunyolea walilotuandikia pongezi limejaa kwenye kioo, makopo yanang'aa nyuma. Nilijua watacheka na kuomba radhi. Wakanishukuru kwa ushahidi. Picha, wakasema, inathibitisha kwamba mzigo ulikuwa mkubwa kuliko alioukuta mkaguzi. Na juu wameandika "Mteja wetu wa thamani." Nilimsomea Wendell barua ile kwa sauti ya puani, maana mtu aliyeiandika hastahili sauti nyingine.

Nikapiga simu. Akapokea dada mwenye sauti ya asali.

"Mama, gari lilifungwa kitu nyuma au halikufungwa?"

"Lilifungwa makopo matupu ya maharage na mapichi."

"Kwa hiyo unakubali lilifungwa."

"Dada, wewe umeolewa?"

"Hilo halimo kwenye maswali yangu, mama."

Watu hawa, Shangazi, hawana hata heshima ya kudanganya vizuri. Mwizi wa kuku angalau hungoja ulale. Hawa wanakuambia ulale, halafu wanakuandikia barua ya kukushukuru.

Kilichoniuma zaidi ni Wendell. Unamjua alivyo, anamwita "bwana" hata mbwa wa jirani. Alianza kujilaumu, eti angechungulia chini ya bampa. Halafu nikamkuta anaipangusa ile bunduki ya kuwindia bata aliyoachiwa na babu yake, anataka kuiuza atengeneze giaboksi ili nifike kwako kabla hujafanyiwa upasuaji wa nyonga. Nikamnyang'anya nikairudisha kabatini. Nikamwambia, "Vaa koti, twende kwa Pruett."

Ilikuwa Jumamosi. Yadi imejaa maputo, mashine ya bisi inapasua mahindi, watu wanapiga piga matairi kwa miguu kama vile tairi litasema kitu. Nikatoa makopo yetu kwenye mfuko, nikayafunga kwenye mkanda wa koti langu, nikaingia ndani. Sakafu ya mle ni ya vigae. Shangazi, kelele zile! Nilizunguka ukumbi mzima, taratibu, kichwa juu, kama nilivyotembea kanisani. Wendell amesimama mlangoni, amekuwa mwekundu kama nyanya, lakini hakunizuia.

Pruett alikuwa mezani na mzee mmoja mkulima na mkewe, wanakaribia kutia saini waranti ileile. Akainuka.

"Binti, haya ni mambo gani?"

"Navuta mzigo, Bwana Pruett. Hebu nikague, giaboksi yangu imekufa?"

"Twende ofisini tuzungumze, mwanangu. Hapa kuna wateja."

"Ndio hao niliowafuata."

Mke wa mkulima, bisi zimemjaa mdomoni, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote. Akameza, akamnyang'anya mumewe kalamu. "Lloyd, inuka. Mimi na wewe tulifungiwa makopo, na lile gari bovu la baba yako likatufikisha Colorado."

"Na kurudi," akasema Lloyd.

Hapo Pruett akatuingiza ofisini mbio mbio, akapiga simu kwa kampuni. Jambo lililoshindikana wiki zote hizo likawezekana kabla bisi za yule mama hazijapoa. Watalipa giaboksi yote. Ila, akasema, akatoa karatasi, tutie saini kwamba hatutamsimulia mtu yeyote habari hii.

Nilikuwa nafungua mdomo. Wendell akanitangulia, Wendell wangu, makopo ameyapakata kama mtoto mchanga, kamba zake bado ziko mkandani mwangu.

"Bwana," akasema kwa adabu zote, "mke wangu huongea hata akiwa usingizini. Makubaliano haya tutayavunja kabla hakujapambazuka."

Nilimbusu palepale mbele ya Pruett. Pruett akatazama nje kupitia kioo, akamwona mke wa Lloyd amesimama kwenye mashine ya bisi anasimulia kundi la watu huku anaonyesha kwa mikono. Akairudisha karatasi kwenye droo. Hatukumshukuru, na tulipotoka niliacha makopo yaburuzike tena mpaka barabarani.

Fundi amekwisha kupata giaboksi. Anasema gari litatoka Alhamisi ijayo.

Msalimie sana Mjomba Orrin, na Jolene na wanawe, na Bibi Hazel wa jirani, mwambie mto aliotushonea tunaulalia. Mungu aongoze mikono ya daktari atakayekutengeneza nyonga mwezi ujao, na akupe usingizi mzuri mpaka siku hiyo.

Usioke keki bado, nitakupigia simu tukianza safari. Gauni nitalivalia chumbani kwako, maana pindo limefumuka kidogo na sitaki mkono mwingine uliguse. Na tukifika kituo cha petroli cha mwisho kabla ya kwenu, Wendell atayafunga makopo palepale kwenye ndoana. Mwezi huu hautakwisha hatujafika. Acha dirisha wazi, Shangazi. Utatusikia kabla hujatuona.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda kwa jina langu la zamani na kwa hili jipya,
Corinne Haskett